Nilivyowafundisha habari za nywele watoto walionyolewa

Naandika hii kwa walimu wenzangu wa sanaa, walezi wa klabu, na yeyote mwenye wazo la kukaa na vijana kuongelea nywele, urembo na jinsi wanavyojiona kwa njia ya kuchora. Wazo ni zuri usiliache, ila lina mitego yake na mingi mi nshaikanyaga, kwa hiyo bora uisikie hapa kabla hujaenda dukani kununua manila.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mi mwanaume, nafundisha sekondari ya kutwa ya serikali hapa Morogoro, somo langu la ajira ni Jiografia, sanaa ni klabu tu ya Jumatano baada ya vipindi, na kichwani kwangu hakuna kitu, kipara kinang'aa tangu sijaoa. Shule yetu nayo kama shule nyingi za serikali haina habari za kusuka, wa kike wa kiume wote mashine, nywele zikianza kushikika tu mwalimu wa zamu anakuita pembeni. Sasa mwalimu kipara anataka kuwafundisha watoto walionyolewa habari za nywele. Stafu walicheka mpaka chai ikapoa na walikuwa na haki yao.

Ilianza bila kupanga. Siku moja klabuni nliwaambia wachore mtu mrembo, basi, sikutoa maelezo mengine, nlikuwa nataka kuona nani anajua vipimo vya uso maana wengi wanaweka macho juu kabisa kwenye paji wakati macho ya binadamu yanakaa katikati ya kichwa. Karatasi ziliporudi nkasahau habari za vipimo. Karibu zote zilikuwa na msichana mmoja yuleyule, nywele zimenyooka mpaka kiunoni, pua mistari miwili myembamba, kidevu kimechongoka, macho yamejaa nusu ya uso. Wavulana nao wamemchora huyohuyo. Kwenye boksi la penseli za rangi njano ilikuwa imechongwa mpaka imebaki kipande cha kushikwa kwa kucha, na kahawia bado ina ncha yake ya kiwandani.

Nkauliza huyu dada ni nani, mmemuona wapi? Kimya. Alafu mmoja akasema "kwenye simu mwalimu". Mwingine akataja tamthilia za Kituruki zinazowekewa sauti za Kiswahili. Mwingine akasema hiyo ni filta tu, ukiiweka na wewe unakuwa hivyo.

Hapo ndo mtego wa kwanza unapokaa, na mtego wenyewe ni hotuba. Ulimi unawasha, unatamani usimame uwaambie nywele zetu nzuri, weusi wetu mzuri, jipendeni. Watoto wataitikia "ndiyo mwalimuuu" kwa ile sauti ya kuitikia, na Jumatano ijayo wanakuchorea yuleyule. Mtoto wa miaka kumi na tano ameshafundishwa kwa vitendo tangu hajajua kusoma kwamba nywele laini ndo nywele, akichanwa analia anaambiwa nywele zako mbaya hazipitiki, amemuona dada yake akiwekwa dawa saluni mpaka ngozi ya kichwa inatoka vidonda na nyumba nzima inasema kapendeza. Maneno ya mwalimu ya dakika tano hayawezi kufuta hayo.

Kuna mwenzangu alinishauri nifanye lile jaribio la wanasesere la kina Kenneth na Mamie Clark, wale wanasaikolojia weusi wa Marekani, miaka ya 1940 waliwapa watoto weusi wanasesere weupe na weusi wakawauliza yupi mzuri yupi mbaya, na wengi wakamchagua mweupe kuwa ndo mzuri. Ule utafiti uliingia mpaka kwenye kesi ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku kutenganisha shule kwa rangi kule. Nlilifikiria, nkalikataa. Kwa mahakama ule ulikuwa ushahidi, ila darasani kwangu mtoto akishasema mbele ya wenzake kwamba anayefanana naye ndo mbaya, anarudi nyumbani na nini? Ushaonyesha kidonda alafu kengele imegonga.

Nlichofanya ni hiki. Jumatano iliyofuata nkawaambia, mchore mtu ambaye ukiumwa usiku ndo unataka awe karibu. Angalia nlivyoliweka, sikusema mtu unayempenda, ukisema hivyo kwa kidato cha pili umeisha, ni vicheko na kutajana majina mpaka saa ya kwenda nyumbani. Basi wakaja mama, bibi, shangazi, kaka mmoja mwenye denge, baba wawili watatu. Kuna bibi ana mabutu ya uzi mweusi yamesimama kila upande, mtoto kayahesabu na kuyachora yote na kila butu kaliwekea kamstari ka uzi unavyozunguka. Kuna mama kafunga kitambaa cha kulalia na rasta zimetokeza nyuma, moja imeanza kufumuka. Penseli ya kahawia ikaanza kugombaniwa.

Sikusema kitu. Nkabandika ukutani karatasi mbili mbili za kila mtoto, mrembo kushoto, wa usiku kulia, nkawaacha wazunguke. Mwanzo kelele, wanachekana michoro, alafu kelele ikapungua, na msichana mmoja akauliza, tena hakuniuliza mimi, aliwauliza wenzake, "sasa mbona huku kushoto hakuna mama wa mtu hata mmoja?" Wakaanza kubishana wenyewe. Mwingine akasema mama yangu mzuri ila sio mrembo, mwenzie akamuuliza tofauti yake nini, akashindwa, wakahamia kwa mwingine. Nimekaa kwenye dawati la nyuma nimefunga mdomo na ilikuwa kazi ngumu kwelikweli. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, hata kama mengine yote huku chini utayaruka, chukua hilo la karatasi mbili ukutani na mdomo uliofungwa.

Baada ya hapo tukaingia kwenye kuchora nywele zenyewe. Hapa nliona kitu, nywele za singa wanazijua kuzichora, mistari mirefu inashuka, zimekwisha. Za kipilipili hawana namna, wanapaka tu weusi mtupu mpaka karatasi inatoboka. Yani nywele walizozaliwa nazo hawajawahi kuziangalia, kitu usichokiangalia huwezi kukichora, na mi naamini hata kukipenda kuna ugumu. Kwa hiyo nkataka waangalie unywele mmoja mmoja kwa lenzi. Na hapo ndo nlipoingia kwenye tope.

Nlienda kwa kinyozi wa mtaani, nkaomba nywele za kwenye sakafu, nkaweka kwenye bahasha ya kaki, nkaja nazo shule. Sijui nlikuwa nafikiria nini. Kwetu nywele za mtu sio takataka, nyumba nyingi zikinyolewa zinachomwa au zinafukiwa, bibi yangu mwenyewe alikuwa anakusanya mpaka zilizobaki kwenye kitana. Jumatano watoto wameziona, Alhamisi mtaani inasemwa mwalimu wa Jiografia anakusanya nywele za wanafunzi, Jumatatu nshakuwa frimasoni. Mzazi mmoja alikuja na bodaboda asubuhi hata gwaride halijaisha. Mkuu wa shule akaniita, mzee wa watu hajui hata acheke au akasirike, "mwalimu, hizo nywele ziko wapi?" Nkamwambia ziko kwenye droo, kwenye bahasha. Tukatoka watatu, mimi, yeye na yule mzazi, tukaenda kuzichoma nyuma ya vyoo, na mzazi hakuondoka mpaka kaona majivu. Wanafunzi kama sita hivi hawakurudi klabu mpaka muhula uliofuata, na siwalaumu wazazi wao hata kidogo.

Kwa hiyo usikusanye nywele za mtu, hata zako, hata kwa nia njema, na usiombe mtoto akuletee za nyumbani. Vifaa vya kuigiza vipo na vinafanya kazi vizuri zaidi. Usumba wa nazi unaupata bure kwa wauza nazi, ukiuchambua una mikunjo mizuri. Katani huku kwetu Morogoro sio tatizo, mashamba yake yako Kilosa na Kimamba huko, hiyo ndo singa yako. Uzi mweusi wa kushonea unauzungusha kwenye msumari, unalowesha, unaacha ukauke juani, ukiutoa unabaki umejikunja. Alafu spiringi ya ndani ya kalamu ya kubonyeza, kila mtoto anayo. Hiyo spiringi ndo mwalimu mkuu. Unamwambia aipime kwa rula ikiwa imetulia, alafu aivute taratibu aipime tena, ashangae mwenyewe. Nywele ya kipilipili ndo ilivyo, ndefu ila imejikunja, inaonekana fupi kumbe imejificha. Na sababu iko chini ya ngozi, kile kitundu kinachotoa unywele kwa watu wengine kimesimama wima na unywele unatoka umenyooka, kwa wengine kimepinda na unywele unatoka umejipinda. Hakuna ngumu wala mbaya hapo, ni umbo. Watoto wa Baiolojia waliipenda hiyo kuliko hotuba yoyote.

Wakishaona mkunjo, kuchora kunakuja. Wafundishe waanze na umbo zima la nywele na upande mwanga unakotoka, waweke kivuli kwa mkaa, alafu mikunjo waitie pembezoni tu pale nywele zinapokutana na ukuta wa nyuma, na michache kwenye mwanga. Ukiwaacha wachore kila mkunjo kichwa kizima watakata tamaa. Mkaa chukua kwa mama lishe, chagua vipande vyembamba, vya mti mgumu vinakwaruza karatasi. Na kifutio kizuri cha mkaa ni kipande cha mkate mweupe, ila wasiwe na njaa maana kifutio kitaliwa, kwangu kililiwa.

Sasa kusuka. Mi kusuka sijui, na mwanaume kuanza kuwashika wasichana vichwa ni habari nyingine mbaya, hiyo iwe sheria ya kwanza kwa walimu wa kiume, hugusi kichwa cha mtoto wa mtu kwa sababu yoyote. Nkaenda mjini kwa wale Wamasai wanaosuka rasta na tuisti, kama umeshawahi kupita Dar au Zanzibar unawajua, vijana wamekaa na lubega zao na vidole vinaenda bila kuangalia. Nkamuelezea mmoja, akacheka, akauliza "mwalimu, watoto wenyewe wana nywele?" Nkamwambia hawana. Akasema basi utaniletea kichwa.

Kichwa kilitoka stafu. Madam wa Kiswahili alijitolea, na mi hadi leo namuona jasiri maana wanafunzi walikuwa hawajawahi kuona nywele zake mwenyewe, siku zote wigi au rasta. Aliingia darasani amezifumua, amezichana zimesimama, hajafunga hata kitambaa. Darasa likanyamaza. Akakaa kwenye kiti akasema "haya, mmeona, sasa choreni" na vicheko vikaisha palepale.

Kaka yule akaanza na mkia wa kitana. Kaupitisha katikati kuanzia paji mpaka kisogoni, kasimama nyuma, kafumba jicho moja kuangalia kama mstari umenyooka, hajaridhika, kaufuta kwa kidole, kapitisha tena. Alafu nusu kwa nusu, robo kwa robo, kila njia anaikadiria kwa upana wa kidole chake cha shahada, hana rula hana nini, na njia zinatoka sawa. Wanafunzi wamemzunguka wanachora kichwa kwa juu, na mwalimu wa Jiografia nikapata la kwangu, nkawaambia chora kama ramani ya kontua, ile mistari ya kuonyesha miinuko, kila njia na mlima wake. Hiyo ilitoa michoro mizuri ambayo sijawahi kuipata klabu ile. Kontua zenyewe mtihani wa mwisho wa mwezi walizipata pia, ila hilo nliweka moyoni.

Wavulana mwanzo walikuwa wanagongana viwiko, mwanaume anasuka. Kaka wa watu aliwasikia. Akaendelea na mikono akawaambia bila kuinua macho kwamba kwao morani ndo anayefuga nywele, zinasukwa ndefu mpaka mgongoni, zinapakwa mafuta na udongo mwekundu, na morani wanasukana wao kwa wao, ndo alipojifunzia, na wanawake wa kwao ndo wananyoa kichwa chote na ndo uzuri wenyewe. Msichana mmoja kajishika kichwa chake kilichonyolewa, "kwa hiyo mi Umasaini mrembo?" Darasa likaanguka kwa kicheko, na yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Mvulana mmoja akauliza kichwa kizima ni shilingi ngapi, akatajiwa, mluzi ukapigwa. Nahisi kuna walioanza kufikiria ajira siku ile.

Mlipe msusi. Mi nlimpa elfu ishirini na nauli kutoka mfukoni kwangu, na hiyo ni ndogo, nusu siku ameacha wateja. Tuna tabia ya kuwaita mafundi wa mtaani shuleni tukawalipa soda na makofi eti wanawatia moyo watoto, wakati mtu wa semina tunamlipa posho. Watoto wanaona hiyo.

Picha za kuwaonyesha nazo zina ujanja wake. Projekta hatuna. Nlitumia picha za J.D. 'Okhai Ojeikere, mpiga picha wa Nigeria aliyezaliwa 1930 akafariki 2014, huyu bwana kuanzia mwaka 1968 alipiga picha staili za nywele za wanawake wa Nigeria karibu elfu moja, nyingi amepiga kwa nyuma au pembeni, unaona kichwa tu kama sanamu. Faida kwako mwalimu maskini ni kwamba ni za nyeusi na nyeupe, fotokopi ya kawaida inatosha, hulipi printi ya rangi. Nkaongeza amasunzu ya Rwanda, zile nywele zinazochongwa kuwa matuta yaliyopinda kama mwezi mchanga, zilikuwa za vijana wa kiume na za wasichana ambao hawajaolewa, kwa hiyo mtu akikuangalia kichwani anajua habari zako. Na nyumbani hapahapa kuna vinyago vya mapiko vya Wamakonde, vile vinavyovaliwa kichwani kwenye ngoma, vingi vimebandikwa nywele za binadamu kweli kwa nta. Hiyo ya mwisho niliipeleka kwa tahadhari baada ya yale ya bahasha, mnanielewa.

Mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Wasichana wa Kiislamu waliovaa ushungi usiwaguse na habari ya kuvua, hata ukisema ni wasichana watupu, hata mwenyewe akikubali, maana akifika nyumbani swali litakuwa lako. Mpe nafasi achore nywele za mtu mwingine au achore ushungi wenyewe. Mmoja kwangu alichora mikunjo ya ushungi wake kwenye kioo na kivuli chake kilikuwa bora kuliko cha waliochora nywele, ikabidi wote tujifunze kwake.

Mapunye. Watoto wengi wana makovu ya mapunye kichwani na kwa kuwa wamenyolewa yanaonekana, na hayo ndo yanayowauma kuliko habari za singa na kipilipili. Kuna mvulana alikuwa anakaa ukutani siku zote, mgongo kwenye ukuta, nlidhani mkorofi kumbe anaficha kisogo. Usipange zoezi la kuchorana vichwa kwa nyuma kabla hujajua nani ana nini, mimi sasa kila mtu anachagua upande anaotaka kuchorwa. Na vitana havichangiwi, mapunye yanaambukizwa.

Ukiwa na mwanafunzi mwenye ualbino, usimfanye mfano. Ila acha nafasi awepo kwenye rangi. Kwenye klabu yangu yupo, na siku ya kuchanganya rangi alichanganya njano, kahawia kidogo na nyeupe, akachora kipilipili cha njano, mikunjo yake yote ipo. Darasa lililoamini njano ni ya yule dada wa kwenye simu likaangalia ile karatasi muda mrefu. Yeye hakuona cha ajabu, alikuwa anachora alichonacho. Muweke karibu na anachochora kwa sababu ya macho, na kofia yake asivuliwe nje.

Vioo usinunue kimoja kikubwa, watapanga foleni kujitazama na zoezi litakufa. Nunua vidogo vya machinga, vya buku, wawili wawili kimoja. Enameli ya kina Tingatinga nliijaribu kwa sababu mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi ya kupakia baiskeli na mbao za siling'i, watoto wakaipenda hiyo stori, ila inanuka, inachelewa kukauka na haitoki kwenye sare, mama watatu walinitumia salamu. Rudi kwenye mkaa. Na mwezi wa mtihani wa taifa kuta zinatakiwa ziwe tupu kabisa, toa michoro yako mapema na umrudishie kila mtu yake, isije ikatupwa na msimamizi.

Mwisho kuna swali ambalo litakuja, na litakuja mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo nenda ukiwa umejiandaa na mkuu wa shule umeshamtonya. Kwangu lilikuja siku ya msusi palepale, "mwalimu, kama nywele zetu nzuri, mbona mnatunyoa?"

Sikuwa na jibu la maana zaidi ya yale ya kwenye sheria za shule, usafi, muda, asiye na hela ya msusi asijisikie vibaya. Nkawaambia tufanye mdahalo, nkawapa na mifano wasome, wanafunzi wa kike wa Pretoria, Afrika Kusini, walioandamana 2016 kupinga sheria za nywele za shule yao, Mahakama Kuu ya Kenya iliyoamua 2019 kwamba shule ilikosea kumfukuza msichana wa Kirasta kwa sababu ya dredi, na ya Malawi iliyoamua mambo kama hayo 2023. Mkuu nlimuomba aje akae nyuma, na alikuja.

Nlijua wasichana wote watasema wanataka kusuka. Wapi. Karibu nusu walitetea mashine. Mmoja alisema Jumapili ndo siku anafua, anateka maji na anapika, akisuka anafua saa ngapi? Mwingine akasema kwao wako wasichana watano, mama atoe hela ya vichwa vitano? Upande wa pili wakasema shule za binafsi wanasuka twende kilioni na wanafaulu, na hao chawa tunaotishiwa nao mbona hawaonekani huko. Wavulana wakadai na wao waruhusiwe angalau denge, wakazomewa. Alafu akasimama binti mmoja ambaye huwa haongei, akasema yeye kunyolewa hana shida nako, shida yake ni kukatwa kipande cha mbele kwa mkasi mstarini shule nzima ikiangalia, unaachwa na pengo mpaka ufike nyumbani, unapita nalo sokoni, na aliyekukata anakwambia ndo usafi. Hapo hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea.

Mkuu alisema sheria ya nywele haipangi yeye peke yake na haitabadilika kwa mdahalo, wakaguna. Ila wiki iliyofuata kwenye kikao cha walimu alitoa agizo kwamba nywele zikizidi mwanafunzi anapewa siku mbili na karatasi ya kumpelekea mzazi, mkasi mstarini basi. Kuna walimu wenzangu hawakufurahi na mmoja hanisalimii vizuri mpaka leo. Mpaka naandika hii kichwa bado ni mashine namba moja, na mkasi sijauona tena mstarini.